Sufuria Jeusi la Chumba cha Wageni

Ninyi vijana mtakaosoma haya, someni mkiwa mmekaa. Najua mnavyosoma siku hizi, simu usoni, mguu mmoja barabarani, mwingine mtaroni. Haya ni mambo ya macho, na macho mnayo mawili tu. Mimi niliishia darasa la nne, sitawafundisha umeme. Nitawaambia nilichokiona, na zaidi nitawaambia kile ambacho sikukiona, maana ndicho kilichonitia hofu, na hofu hiyo haijaisha.

Mjukuu wangu wa kike, mtoto wa mwanangu mkubwa, alisomea ufundi wa umeme Mbeya. Alipomaliza akaja kukaa kwangu hapa Kihesa, Iringa, akaanza kutengeneza mashine za saluni. Siyo zile za kukaushia nywele. Ni mashine za kuondoa vinyweleo kwa mwanga. Kuna watu wazima na akili zao wanakwenda kulala kitandani wamulikwe miguu na kwapa mpaka vinyweleo vikome kuota. Nilimwambia sisi tulikuwa na wembe.

"Bibi, ukinoa wembe nani atakulipa?" akasema.

Ndani ya mashine hizo kuna kidude kinaitwa diodi ya leza, ndicho kinachotoa mwanga. Mashine ikifa, mwenye saluni anadhani diodi imekufa, kumbe kilichokufa ni kingine. Au anauziwa diodi ya mtumba, inafanya kazi Jumatatu, Ijumaa imezima. Mjukuu wangu alitaka pa kuzipimia, ajue hii nzima, hii mbovu, kabla hajaifunga kwenye mashine ya mtu. Kituo cha kupimia cha kiwandani hakukiweza bei. Akasema atakitengeneza mwenyewe, tena kwenye chumba changu cha wageni, maana ndicho chenye soketi nzima na meza isiyotikisika.

Hapo nikaanza kuogopa, na lazima mjue kwa nini. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea. Tuliishi Mbeya, Mwanjelwa, miaka mingi, akichomelea mageti na matela. Miwani alikuwa nayo, inaning'inia msumarini. Yeye alikuwa anafumba jicho moja, anageuza uso kidogo, anachomelea. Jioni macho yanatoa machozi, anasema yana mchanga, nami namkatia vipande vya kiazi namwekea juu ya kope. Asubuhi anarudi kazini, miwani bado iko msumarini. Miaka yake ya mwisho alikuwa ananijua kwa sauti. Mtu aliyekuwa ananyanyua geti peke yake, nilikuwa namshika mkono kumpeleka chooni. Kwa hiyo ukinitajia mwanga, mimi sifikirii taa za harusi.

Nikamuuliza mjukuu, "Huo wako ni mkali kama wa kuchomelea?"

"Hauonekani, Bibi."

"Hauonekani vipi, na ni mwanga?"

"Macho yetu hayauoni, lakini upo. Ukiingia jichoni unachoma kule nyuma, na wala husikii maumivu."

Ule wa kuchomelea angalau unakukera, unageuza uso. Huu unaingia kama mwenye nyumba, una ufunguo wake.

"Sasa utajuaje uko wapi?"

Akachukua rimoti ya televisheni, akaielekeza kwenye kamera ya simu yake, akabonyeza. Kwenye kioo cha simu nikaona kitaa cha zambarau kinapepesa kwenye pua ya rimoti. Nikaiangalia rimoti yenyewe: hakuna kitu. Nikaangalia simu: kipo. Nikamwambia abonyeze tena, na tena. Akanieleza kwamba huo wa rimoti ni dhaifu, hauna madhara. Nilimsikia. Hata hivyo siku hiyo rimoti ililala chini ya mto, imegeukia ukutani.

Vifaa alivitafuta mjini. Kuna mzee mmoja Mhindi ana duka la vyombo vya nyumbani, yeye na baba yake wamezaliwa Iringa hiihii, na Kihehe chake ni kizuri kuliko cha wajukuu zangu. Alikuwa na mashine mbili za maji ya kunywa, zile za kuweka dumu juu, mbovu, zimemjazia stoo. Nilikuwepo. Alimwambia mjukuu, "Chukua, binti. Ila ukitengeneza bomu usinitaje."

"Nitasema ulinipa na baruti," mjukuu akamjibu.

Mimi sikucheka.

Ndani ya mashine zile alitoa vibao vyeupe vidogo, wembamba wa biskuti, kila kimoja na nyaya mbili. Akakipa umeme kimoja, akaniambia nishike. Upande mmoja ulikuwa baridi kama maji ya bomba ya Mbeya mwezi wa saba. Upande wa pili moto, nikauachia. Kitu kimoja, kinagombana chenyewe. Akasema ndicho kitakachoipoza diodi, maana diodi ikipata joto inadanganya: nzima inaonekana mbovu, na mbovu inaweza kuonekana nzima kwa muda. Ukitaka ikuambie ukweli uishike kwenye ubaridi uleule kutoka mwanzo wa kipimo mpaka mwisho.

Basi akajenga. Chini aliweka bati zito lenye mapezi na feni ya kompyuta mbovu, ili lile joto la upande wa chini lipate pa kutokea. Juu yake kile kibao cheupe, kimepakwa grisi nyeupe pande zote mbili. Juu yake kipande cha shaba alichokisugua kwa msasa mpaka kikalala sawa, na ndani ya shaba amechomeka kipima joto kidogo kama punje ya ulezi. Diodi inakaa juu ya shaba. Akifanya kazi anajifunga waya mkononi, waya unapita dirishani mpaka kwenye nondo iliyochimbiwa nje. Anasema ni kwa sababu mwili wa mtu una umeme kidogo unaoweza kuiua diodi kabla hata haijapimwa. Ukimtazama kwa nyuma utadhani ni mbuzi kafungwa asile mahindi ya jirani. Kila nilipopita mlangoni nilikuwa nautazama waya ule, nafikiri, sasa huyu nyumba ikishika moto atakimbiaje.

Shida ikaja na baridi. Huku kwetu mwezi wa sita ukungu unaingia mpaka ndani, na ile shaba ikipoa ilikuwa inatoa jasho kama chupa ya soda. Tone likiidondokea diodi, kwisha. Akahitaji kifuniko cha kuzuia hewa ya unyevu, na hichohicho kifuniko kimeze mwanga usirandarande chumbani.

"Bibi, nipe sufuria usilolipenda."

"Hakuna sufuria nisilolipenda."

"Basi nipe unalolipenda kidogo."

Nikampa la zamani, la kupikia uji. Akalikata mdomo kidogo pa kupitishia nyaya, akalitoboa ubavuni tundu la kuchungulia kwa simu, akatia ndani vile vipakiti vya kukausha vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu vipya. Kabla ya hapo akawasha kibatari na kulishikilia sufuria juu ya moshi, kinywa chini, mpaka ndani kote likawa jeusi tii, masizi mazito kama manyoya. Niliumia. Ninyi mnaooshea kwenye sinki hamjui, lakini kwetu mwanamke anasomwa kwenye masufuria yake. Mgeni akiingia uani anatazama kwanza kichanja. Kama masufuria yameinamishwa juani yanang'aa mpaka unafinya macho, anajua amefika kwa watu.

Akanieleza taratibu. "Masizi yanameza mwanga, Bibi. Sufuria linalong'aa linaurudisha kama kioo, na hujui unaurudisha kwa nani."

Nikaelewa. Nikatoa masharti yangu: miwani kila mara, ile aliyoiagiza maalumu, na alikuwa nayo moja tu; mlango ufungwe; na simu itangulie, jicho lifuate. Akakubali yote. Wajukuu zangu wawili wadogo wanaosoma shule ya hapa nikawapiga marufuku hata kucheza kwenye korido ile. Wakaiita korido ya shetani. Sikuwakataza, maana jina hilo liliwaweka mbali.

Mwezi wa saba akaja mkwe wangu kutoka Mbeya, mke wa mwanangu, mama yake huyu binti. Alikuja na mchele wa Usangu na mkungu wa ndizi. Ni fundi cherehani. Sare za shule tatu za mtaani kwao zinapita mikononi mwake, na binti yake amesoma kwa sindano ile, siyo kwa kitu kingine. Alilala chumba cha wageni, hatuna kingine. Binti alimwonyesha: "Mama, meza ile usiiguse. Mashine ile ni ya hatari."

"Nani ana haja na mashine yako? Mimi nina ya kwangu, inakanyagwa."

Na kweli hakugusa mashine. Lakini sufuria siyo mashine.

Asubuhi moja binti alikwenda mjini kutafuta waya. Mimi nilikuwa bustanini nyuma. Mkwe wangu hajui kukaa bure. Alifagia, akatandika, akapangusa vumbi, akafika kwenye ile meza. Akainua sufuria apanguse chini yake, akaona ndani. Mimi nilisikia tu mchanga unakwaruza kule bombani, krwaa, krwaa, nikajua mkwe wangu yuko kazini, na moyo wangu ukafurahi. Alisugua kwa mchanga na majivu, ndani na nje, akalisuuza, akalikausha kwa kanga yake. Akalirudisha alivyolikuta, limeinama juu ya vile vidude, na juu yake akatandika kitambaa alichokifuma mwenyewe, kama kile cha kwenye redio.

Binti akarudi. Akakuta kitambaa, akakitoa, nikamsikia anasema, "Mama na vitambaa vyake." Sufuria hakuliinua, maana diodi aliiweka jana yake tayari. Akavaa miwani, akarudishia mlango bila kuukomea, akawasha feni, akasubiri shaba ipoe, akaanza kuongeza umeme kwenye diodi kidogokidogo kama anavyofanya siku zote.

Mkwe wangu akaja na chai kwenye sinia, mimi nyuma yake, mgongo wake umenikinga, na kibakuli cha viazi. Mikono imejaa, akausukuma mlango kwa nyonga.

"Chai, mama," akamwambia binti yake.

Binti alikuwa ndiyo kwanza anainua simu achungulie kwenye tundu. Nikaona mkono wake unasimama. Alikuwa haangalii sufuria tena, anaangalia kioo cha simu, na kamera yake ilikuwa imetuelekea sisi. Akagonga swichi kwa kiganja. Kisha akasema kwa sauti ndogo sana, "Mama, fumba macho."

Mama yake akafumba. Sinia likainama, chai ikammwagikia miguuni, na hakusogea.

"Imezimika," binti akasema. "Fumbua. Umeona nini?"

"Nione nini? Nimekuona wewe umevaa miwani kama chura."

"Hujaona hata wekundu?"

"Sijaona kitu. Kuna nini?"

Binti akatuonyesha ukuta kwa kidole. Alisema kwenye simu ameona zambarau imetapakaa ukutani, mlangoni, na doa moja juu ya kilemba cha mama yake, hapa, juu ya sikio. Ilikuwa juu ya kilemba alipoiona. Kabla hajaiona ilikuwa wapi, hajui. Mama yake aliingia anatembea. Mtu anayetembea na doa lililosimama, uso wake umepita wapi?

Akaliinua sufuria. Ndani tuliona nyuso zetu tatu zimevutika kama za majini.

"Nani kasugua?"

"Mimi," mkwe wangu akasema. "Nimeona aibu. Chumba cha mama, sufuria limeota masizi, tena limetoboka. Nikasema angalau ling'ae." Halafu akatutazama mmoja mmoja. "Kwani vipi?"

Binti akamweleza. Hakumficha. Nilimtazama mkwe wangu alivyokuwa anasikiliza, nikaona mkono wake wa kulia unasugua kidole gumba juu ya cha shahada, kama mtu anayesokota ncha ya uzi.

Nikaenda kuleta sindano. Sikujua kipimo kingine. Nikamkalisha dirishani, nikamwambia, "Funika jicho la kushoto, tunga." Uzi ukapita pembeni. Akalamba uzi, akajaribu tena, ukapita pembeni. Jicho la pili, vilevile. Mwanamke huyu nimemwona akitunga sindano ndani ya basi linatembea.

"Ni mikono, mama," akaniambia. "Mikono inatetemeka."

"Najua ni mikono," nikasema. Lakini sikujua. Ndiyo hofu niliyoisema pale juu. Hakuna damu, hakuna uvimbe, jicho jeupe, zuri, linakutazama, na hujui kama kule nyuma kumeungua. Marehemu mume wangu naye alikuwa na macho mazuri.

Tukachukua bajaji mpaka hospitali. Daktari wa macho alikuwa kijana, akamsikiliza binti kwa makini, akauliza diodi ni ya aina gani, umeme ulifika kiasi gani. Binti akasema alikuwa ndiyo kwanza anaanza, mwanga ulikuwa mdogo bado. Daktari akamtia mkwe wangu dawa ya kupanua mboni, tukakaa kwenye benchi tukisubiri. Dawa ile inafanya mtu asione karibu. Mkwe wangu akanyanyua kiganja chake mbele ya uso, akakishusha, akakinyanyua.

"Mama, sioni mistari ya kiganja."

"Ni dawa."

"Kama siyo dawa?"

"Ni dawa, nimesema."

Binti alikaa mwisho wa benchi. Ile miwani alikuwa bado ameivaa kichwani, amesahau.

Daktari alimchungulia muda mrefu. Akasema haoni jeraha, ila mengine huchelewa kujionyesha, turudi wiki inayofuata. Akamfundisha kitu: kila asubuhi asimame mbele ya wavu wa dirisha, afunike jicho moja, atazame katikati. Vile viboksi vya wavu vikipinda, au sehemu ikikosekana, aje mbio.

Wiki hiyo sikula vizuri. Mbeya sare zilikuwa zinasubiri na shule zinakaribia kufunguliwa, walimu wakimpigia simu, naye anawajibu yuko njiani. Kila asubuhi alisimama dirishani na kiganja kwenye jicho, na sisi wawili nyuma yake tumesimama kama tunasubiri hukumu.

"Viko sawa?"

"Viko sawa."

"Lile lingine?"

"Subirini basi, mnanipumulia shingoni."

Binti hakuiwasha mashine. Siku moja tu alilichukua sufuria akaliweka tena juu ya kibatari, pale karibu na dirisha, likarudi kuwa jeusi. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema, "Sitaki kuliona likinitazama."

Kesho yake mkwe wangu akasimama dirishani, akafunika jicho la kushoto. Kisha akasema, taratibu, "Katikati pana doa."

Hakuna aliyesogea. Nilisikia jogoo wa jirani, nikasikia maji yanachemka jikoni. Niliwaza cherehani kule Mbeya imefunikwa kitambaa, na mkono ninaoujua ukipapasa ukuta kutafuta mlango.

"Doa gani?" binti akauliza.

"Jeusi. Halisogei."

"Funika lile lingine."

Akabadilisha. "Lipo hata huku."

Binti akampita, akanyoosha kidole, akausugua wavu. Akageuza kidole tukakiona. Masizi. Moshi wa kibatari ulikuwa umepanda ukashika pale pale katikati ya wavu.

Mkwe wangu akakaa chini sakafuni, hapohapo, miguu imenyooka kama mtoto, akacheka mpaka akalia. Binti akakaa naye. Mimi nilishika fremu ya dirisha.

Tuliporudi hospitali daktari alichungulia tena, akasema macho ni mazima, aende akashone. Jioni hiyo binti alikuwa anafungua skrubu za mashine yake moja baada ya nyingine. Mama yake akamkuta.

"Unafanya nini?"

"Naivunja."

"Mimi nimekaa hapa wiki nzima natazama wavu, halafu unaivunja? Rudisha skrubu zako. Mwenye saluni anakusubiri, na mimi wenye sare wananisubiri."

Binti akanitazama mimi, maana nyumba ni yangu. Ningeweza kusema hapana. Nilitaka kusema hapana. Lakini nilimkumbuka mume wangu, kwamba kazi haikumpofusha. Kilichompofusha ni miwani kukaa msumarini. Nikasema mashine ihame chumba cha wageni, iende stoo ya mahindi, yenye komeo kwa ndani na haina dirisha la kutazama uani. Na miwani zinunuliwe nyingine kabla mtu yeyote hajaiwasha.

Hofu bado ninayo. Hata leo feni ile ikianza kuvuma stooni naacha ninachofanya nasikiliza mpaka izimwe.

Asubuhi aliyoondoka mkwe wangu niliwaita wote uani, yeye na begi lake mkononi, binti, na wale wadogo wawili wa korido ya shetani. Nililishika sufuria lile juu walione, jeusi ndani, nikawaambia: "Sufuria hili halioshwi. Asilisugue mgeni, asilisugue mwenyeji, asilisugue mkwe hata aone aibu namna gani. Na mlango wa stoo ukifungwa, mwenye chai abishe hodi, asimame, asubiri aitikiwe. Chai ikipoa, ipoe."